Je, Yafaa Mkristo Kulipamba Gari Kuukuu?



Jumatano moja jioni, katika kipindi chetu cha kusoma Biblia, tulifika katika amri ya pili, ile ikatazayo sanamu za kuchonga. Kijana mmoja wa kwaya akainua mkono akauliza, "Je, mtu akitumia maisha yake yote kulitengeneza gari moja la zamani, analibomoa, analijenga, analipiga rangi, kisha analibomoa tena, huyo anafanya kazi au anaabudu?" Wote wakacheka, na wote wakatutazama sisi. Nasi tukacheka. Lakini mzee mmoja wa kanisa hakucheka. Alisema swali hilo ni la haki, lijibiwe katika gazeti letu la mtaa, na alijibu mwenye gari mwenyewe.

Basi haya ndiyo majibu, kwa kadiri tulivyoweza. Msomaji ajue mapema kwamba shahidi huyu ana upande. Sisi tuandikao haya tunalo gari hilo, Land Rover pikapu ya chesisi ndefu, ile iitwayo mia na tisa kwa sababu kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Tulilinunua mnadani mwaka 1984, likiwa halina injini, halina viti, na kuku wametaga ndani yake. Liliburutwa na trekta mpaka nyumbani. Mama watoto alitoka nje, akalitazama kwa muda, akauliza kama na trekta nalo limenunuliwa, maana hilo angalau lilikuwa linatembea.

Wale waliozaliwa baada ya miaka ile si rahisi waelewe kwa nini mtu mwenye akili zake anunue kitu kama hicho. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda mara mbili, mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimemaliza akiba ya nchi. Fedha za kigeni hazikuwapo, na pasipo fedha za kigeni hakuna spea. Gari jipya lilikuwa kama habari ya nchi nyingine. Huku kwetu Ifakara tulikuwa na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, nayo ilituokoa kwa mengi. Lakini garimoshi halifiki shambani. Mpunga wa ng'ambo ya mto ulipaswa kubebwa hadi kivukoni, uvushwe kwa pantoni, kisha ubebwe tena. Na masika yakiingia, Mto Kilombero hauwi mto tena bali ni ziwa, na barabara zinakuwa tope jeusi linalovuta kiatu mguuni. Gari lililoweza kutembea katika hali hiyo, hata kama lilikuwa limefungwa kwa waya, lilikuwa mali ya kijiji kizima.

Kwa hiyo mafundi wa bonde hili walijifunza kazi ambayo haikuandikwa katika kitabu chochote cha kiwanda. Gasketi ilikatwa kutoka katika boksi gumu. Bushi za springi zilichongwa kutoka katika tairi lililokwisha. Springi iliyolegea iliongezwa jani kutoka katika lori lililokufa, na pipa la mafuta lilipasuliwa, likanyoshwa kwa nyundo, likawa sakafu. Bodi ya Land Rover ilitupa taabu ya namna yake, kwa kuwa si bati la chuma bali ni aluminiamu, na fundi wa kawaida hawezi kuichomelea. Ilitupasa kuiweka viraka kwa ribiti, kama mtu anavyoshona suruali. Aluminiamu hiyo ndiyo inayofuliwa sufuria pia, na hatutashangaa kama milango kadhaa ya Land Rover za hapa imekwisha kupika wali wa mpunga ilioubeba.

Katika miaka hiyo hapakuwa na mtu wa kutuuliza kama tunaabudu. Ilikuwa shida, na shida haina maswali mengi. Lakini tangu katikati ya miaka ya themanini milango ya biashara ilianza kufunguliwa, na baadaye yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani, Toyota na Isuzu na Nissan, imara, yenye spea katika kila duka. Mtu mwenye hesabu nzuri aliliuza gari lake la zamani kwa wanunuzi wa chuma chakavu, akanunua jingine. Sisi hatukufanya hivyo. Shida ilikwisha, na sisi tuliendelea kulala chini ya gari kila Jumamosi. Hapo ndipo swali la yule kijana linapoanza, maana mtu hajulikani anapenda nini mpaka haja itakapoondoka na yeye abaki palepale.

Kwanza tuseme kwamba hatuko peke yetu. Huko Kalifornia, Marekani, tangu miaka ya thelathini, vijana wasio na fedha waliokota magari ya Ford yaliyotupwa, wakayavua kila kilichokuwa kizito, wakayatia injini kubwa kuliko zile yaliyozaliwa nazo, wakaenda kushindana katika maziwa yaliyokauka ya jangwani. Magari hayo wanayaita hot rod. Ford ya mwaka 1932, yenye injini ya silinda nane, ndiyo iliyopendwa kuliko zote. Baada ya vita kuu ya pili walichukua hata matangi ya mafuta ya ndege za kivita wakayafanya bodi za magari ya mbio. Mwezi Januari 1948 walianza kuchapa gazeti lao la mambo hayo. Na mwaka uo huo, mwezi Aprili, Waingereza waliionyesha Land Rover ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam. Waliitengeneza kwa aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa haba baada ya vita. Yaani hata gari hili letu lenyewe asili yake ni uhaba. Lilizaliwa na watu waliotumia kilichokuwapo.

Tena tusiende mbali. Kongwa, mahali ambapo Waanglikana wengi tunapajua kwa chuo cha Mtakatifu Filipo, ndipo ulipoanza ule mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya kikoloni mwaka 1947. Matrekta yalikuwa hayatoshi, basi vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea visiki. Nabii alikwisha kunena juu ya panga kufuliwa ziwe majembe, na hapa kwetu lilitokea jambo la kufanana nalo. Kwamba mradi wenyewe ulishindwa vibaya ukaachwa mwaka 1951 ni habari nyingine, nayo inafaa kukumbukwa na kila fundi anayedhani kwamba chombo kikitengenezwa vizuri, basi kazi imefanikiwa.

Unguja nako mafundi seremala waliyajengea malori mabanda ya mbao, wakayachonga na kuyapaka rangi. Dar es Salaam kulikuwa na zile pikapu zilizotiwa mabenchi, abiria wakikaa kwa kutazamana, tulizoziita chai maharage. Na siku hizi Land Rover kuukuu zimepata heshima ambayo hatukuitazamia: Oktoba 2024 mamia kwa mamia yalikusanyika Arusha kwa sherehe, yakaandamana barabarani, na watu wakapiga picha. Tunakiri kwamba tulizitazama picha hizo mara nyingi kuliko ilivyotupasa.

Sasa tuje katika hoja. Wapo Wakristo wanaosema kila kitu kisicho cha lazima ni ubatili, na kwamba rangi ya pili juu ya gari ni fedha iliyoibwa kwa maskini. Sisi hatukubali hivyo moja kwa moja. Katika Kutoka, sura ya 31, Mungu anamwita Bezaleli mwana wa Uri, wa kabila la Yuda, anamjaza Roho wake, na anachomjazia si kuhubiri wala kutabiri, bali ni kufua dhahabu, fedha na shaba, kukata vito na kuchonga mbao. Tuangalie pia kwamba watu wale walikuwa jangwani, wakiishi katika mahema. Mtu angeweza kusema wakati ule kwamba mapambo si ya lazima. Na Bwana wetu, baada ya kuwalisha wale elfu tano, hakusema mabaki yaachwe katika majani. Aliagiza yakusanywe, nayo yakajaa vikapu kumi na viwili. Yeye awezaye kuzidisha mikate hakudharau vipande. Basi mtu anayeokota kipande cha chuma ambacho wengine wamekitupa, akakisugua, akakifikiria, akakirudisha kazini, hatuoni kama amefanya jambo la aibu. Wazee wetu walisema tusiache mbachao kwa msala upitao. Walisema pia kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda, nasi tumeyaona magari mengi mapya ambayo yalikuwa vidonda vya wenye nayo kwa mikopo waliyoyanunulia.

Tena kuna malezi. Chini ya mwembe wetu wamepita vijana wengi. Fundi hawezi kumdanganya chuma. Ukikaza nati kwa hasira, inakatika. Ukiruka hatua moja kwa uvivu, mafuta yatavuja, na yatavuja mbele ya watu. Kijana asiyesikia mahubiri atasikia hilo. Mmoja wao sasa ana gereji yake Mang'ula, na mwingine anaendesha trekta la miwa huko Kidatu, na wote wawili hufuta mikono yao na kurudisha kila spana mahali pake kabla ya kwenda kula. Hatudai kwamba huo ni utakatifu, lakini ni jirani wa utakatifu.

Hayo ni ya upande wetu, na kama tungeishia hapo msomaji angetuona kuwa wanyofu. Lakini yule kijana hakuuliza kama ufundi ni mwema. Aliuliza juu ya moyo.

Juzi alikuja tena, akashika boneti, akauliza swali jingine. "Mzee, injini hii ndiyo iliyokuja nalo?" Tukasema la, ile ya kwanza ya petroli ilikuwa imeng'olewa kabla hatujalinunua, tulitafuta nyingine, nayo ikachoka, na sasa tumetia ya dizeli ya Kijapani, na kadi ya gari ilisahihishwa kama sheria itakavyo. "Milango je?" Miwili imetoka katika gari lililopinduka. "Kiti?" Tulikitengeneza wenyewe, kwa mninga na ngozi. "Chesisi?" Ya nyuma ilikuwa imeoza kwa kutu, tukaikata tukaunga nyingine. Akanyamaza, kisha akasema, "Basi, mzee, gari mlilolinunua liko wapi? Na mnachokipenda ni nini hasa?"

Watu wenye elimu wamebishana juu ya swali la namna hiyo tangu zamani za Wayunani, wakizungumzia merikebu iliyobadilishwa ubao mmoja mmoja hata usibaki wa kwanza. Kwetu halikuwa swali la merikebu. Lilituchoma kwa sababu jibu lake lilikuwa jepesi. Kama chuma chote kimebadilika, na sisi bado tunapenda, basi tulichokipenda si chuma. Ni kazi yetu. Tunapolizunguka gari jioni tukiwa na kitambaa mkononi, tunaitazama mikono yetu wenyewe. Pale tulipopinda bati mpaka likakubali, pale tulipopaka rangi mara ya nne, pale ambapo fundi wa mjini alisema haiwezekani nasi tukaweza. Kila kona ya gari inatutajia jina letu.

Na hilo ndilo Isaya analolisema katika sura ya 44, ambayo tuliisoma mara nyingi bila kudhani kwamba inahusu gereji. Anamweleza seremala aliyekata mti. Nusu ya mti ule anawasha moto, anaoka mkate, anachoma nyama, anaota moto na kufurahi. Nusu iliyobaki anaichonga, kisha anaisujudia. Nabii halaumu ule moto, wala mkate, wala seremala kujua kazi yake. Mti ni ule ule na mikono ni ile ile. Tofauti imeingia mahali fulani katikati, kimya kimya, na yule seremala, asema nabii, hana akili ya kusimama ajiulize anashika nini mkononi. Hivyo ndivyo sanamu inavyopatikana kwa fundi mwema. Haiji kwa uvivu, inakuja kwa bidii.

Hapa tuseme neno dogo kuhusu breki, maana linatukera. Katika ile miaka ya shida tuliona watu wakitia maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki, kwa kuwa mafuta hayakupatikana. Ilikuwa hatari, lakini ilikuwa shida. Siku hizi mafuta ya breki yako dukani, na bado utaona gari, au bajaji, au pikipiki ya abiria, ina taa za rangi saba, ina maneno ya Mungu mbele na nyuma, ina muziki wa kutosha arusi mbili, na ukikanyaga breki mguu unagota sakafuni. Mtu amepamba kile kinachoonekana, na kile kinachomlinda abiria amekiacha kwa sababu hakuna atakayekisifu. Rangi hutazamwa na watu. Breki hujulikana na fundi na Mungu tu, mpaka siku ile.

Turudi kwetu. Tuliahidi kuwa shahidi, na shahidi asiyesema lile linalomhusu hafai.

Ilikuwa masika ya mwaka 1991. Kazi ya gari ilikuwa imechukua miaka saba, na juma lile ndilo tulilomaliza rangi, kijani iliyoiva, tuliyoipaka kwa pampu ya kuazima, tukaisugua kwa msasa wa maji kati ya koti moja na jingine. Fedha yake ilikuwa imetoka tusipopasema; tulikuwa na daftari la gharama, tukaacha kuliandika katika ukurasa wa tatu, si kwa uvivu bali kwa hofu. Gari lilisimama chini ya banda likiwa linang'aa hata gizani. Jumapili tulikusudia kwenda nalo kanisani, na tulikwisha kuchagua mahali pa kulisimamisha.

Usiku wa Ijumaa, mvua ikinyesha, tulisikia hodi. Alikuwa jirani yetu wa upande wa mabondeni, mkulima, kijana wakati ule. Alikuwa amelowa mpaka mifupani.

"Shikamoo mzee. Samahani kwa usiku huu. Mama watoto ameshikwa na uchungu tangu jioni, na mkunga anasema apelekwe hospitali."

Tukaitikia marahaba. Tukampa pole. Kisha tukauliza, "Barabara ya kwenu ikoje?"

Hayo tu. Hatukukataa. Hatukusema gari ni bovu, wala hatukudai fedha ya mafuta. Tuliuliza barabara ikoje, nasi tulikuwa tunajua ikoje, kwa maana tulikuwa tumeishi hapo miaka mingi na mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati letu pia.

Akatutazama. Akasema, "Ina matope, mzee." Akasubiri kidogo. Tukasema, "Haya, ngoja tuone." Tukaingia ndani kutafuta ufunguo, na tulijua ulipo. Tulivaa viatu polepole. Mama watoto alikuwa ameketi kitandani, akasema neno moja tu, jina letu, kwa sauti ambayo hakuwa ametutumia kabla wala hajatutumia tena. Tulipotoka nje na ufunguo mkononi, yule jirani alikuwa ameondoka.

Tuliwasha gari, tukaenda. Tulilitumbukiza katika matope mpaka kwenye milango. Nyumbani kwake hatukumkuta mtu ila watoto wadogo na bibi yao, ambaye alituambia kwamba wamekwisha kutoka, wamemweka mama juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli, wanaume wawili wakimshikilia, mmoja akisukuma. Walikuwa wamepita njia ya mkato ambayo gari haliwezi. Tuliwakuta hospitali. Alijifungua salama kabla ya alfajiri, mtoto wa kike. Mungu alikuwa mwema kwao, na kwetu pia kwa njia ambayo hatukuistahili.

Jirani yule hajatukumbusha habari hiyo hata siku moja. Kesho yake alitusalimu shikamoo kama kawaida, akatushukuru kwa kuwafuata. Laiti angetukasirikia. Kuna heshima inayomchapa mtu kuliko fimbo.

Wengine tuliowasimulia wametufariji kwamba mwisho wake ulikuwa mwema, na kwamba kuuliza hali ya barabara ni busara ya dereva. Tunawashukuru, lakini hatuwezi kuupokea ufariji huo. Dereva mwenye busara huuliza barabara ikoje akiwa anafunga viatu. Sisi tuliuliza tukiwa tumesimama mlangoni. Katika nafasi ile ya maneno manne mizani ilikuwa imewekwa, upande mmoja mwanamke mwenye uchungu, upande wa pili rangi ya kijani. Na ubaya si kwamba rangi ilishinda, maana haikushinda, bali ni kwamba iliwekwa katika mizani.

Tangu hapo tumeusoma mfano wa Msamaria Mwema kwa namna nyingine. Luka anatuambia kwamba alimpandisha yule majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe. Hatuambiwi mnyama yule alikuwa na matandiko ya namna gani. Labda yalikuwa mazuri, labda alikuwa ameyashona mwenyewe kwa miaka saba. Vyovyote yalivyokuwa, yaliingia damu, na mafuta, na divai, maana alikuwa amevimimina katika majeraha. Msamaria hakuwa mtu asiye na kitu kizuri. Alikuwa na mnyama, na divai, na fedha za kulipa nyumba ya wageni. Kama angekuwa ameuza vyote asiwe na kitu, yule majeruhi angebaki njiani. Kwa hiyo hatuwaambii vijana wetu wasipende vitu vizuri, wala wasivitengeneze. Bonde hili lina haja ya watu wanaojua kutengeneza. Tunawauliza swali lile tu ambalo tungetamani kuulizwa kabla ya usiku ule: hicho ulichokitengeneza, kinaweza kuchafuka? Na kikichafuka, utamtazama nani kwanza, kitu au mtu aliyemo ndani yake?

Kuna atakayesema kwamba tulipaswa kuliuza gari lile kesho yake, kama toba. Tulifikiri hivyo. Tulikwenda mpaka kwa mnunuzi. Kisha tukaona kwamba kuliuza kungekuwa njia nyingine ya kujitazama sisi wenyewe, na watu wangetusifu kwa kuliuza kama walivyotusifu kwa kulipaka rangi. Tukalirudisha nyumbani, tukang'oa kile kiti kizuri cha nyuma, tukaweka benchi pana ambalo mtu anaweza kulala, na turubai juu. Rangi haikupata koti jingine kwa miaka kumi na moja. Hatusemi kwamba tulifanya sawa. Wapo katika baraza la mtaa ambao hata sasa wanaona tulijitafutia udhuru wa kubaki na tulichokipenda, na siku nyingine, hasa tunapokuwa na kitambaa mkononi, tunadhani wana haki.

Sasa daraja la mto lipo, lililozinduliwa mwaka 2018, pantoni imekuwa hadithi ya kuwasimulia wajukuu, na wagonjwa wana magari mengine ya kuwabeba. Gari letu halihitajiki kama zamani, na hilo nalo ni jaribu, kwa kuwa kitu kisichohitajika ni rahisi kukifanya cha kutazamwa. Mwaka jana alikuja mtu kutoka Arusha, akatoa bei ambayo hatukuitegemea. Anataka kulitembezea wageni. Watoto wetu wanasema tuliuze. Mama watoto anasema lisiuzwe, jambo ambalo limetushangaza kuliko bei, na tulipomwuliza sababu alisema amelizoea kama mtu anavyomzoea mke mwenza. Hatujaamua.

Yule mtoto wa kike aliyezaliwa usiku ule ni mama mwenye watoto wake sasa, na mtoto wake wa kwanza wa kiume ana miaka kumi na minne. Ndiye huja kwetu siku hizi baada ya shule. Ana mikono mizuri, lakini ana haraka; anataka kuanza na rangi. Tumemwambia aanze na breki za nyuma, nazo ni za ngoma, zina matope ya miaka mingi ndani, na hakuna atakayeziona. Tutazifungua Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, chini ya mwembe. Vijana wengine wa mtaa wanaotaka kujifunza wanakaribishwa, na yule mwenye maswali naye aje. Waje na nguo chakavu.